Hawakupewa, Walidai

Katika kikao kimoja cha washairi hapa kisiwani, jioni moja baada ya sala ya isha, mwenzetu mmoja ambaye elimu yake tunaiheshimu sote alisimama kulalamikia hali ya viwanja vyetu vya wazi, na katika kulalamika kwake akasema maneno haya: "Wenzetu Waingereza walipewa bustani na Malkia wao. Sisi nani atatupa?" Wasikilizaji wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilinyamaza, si kwa kuwa sikuwa na la kusema, bali kwa sababu mtu wa heshima hapingwi hali kikombe chake cha kahawa kingali mkononi. Leo kahawa imekwisha kunywewa, na ninaomba ruhusa ya wasomaji kusema kwamba kauli ile ni potofu, na kwamba upotofu wake si wa tarehe wala wa jina la mfalme. Upotofu wake umo katika kitenzi.

"Walipewa." Mtu aliyezoea kazi ya kutafsiri hujifunza kuviogopa vitenzi vya namna hii. Kitenzi hiki humkweza anayetoa na humlaza anayepokea. Aliyepewa hana alilolifanya: alikaa kitako, mkono ukaja, naye akafumbata. Na ikiwa waliopewa hawakufanya lolote, basi asiyepewa naye hana la kufanya ila kungoja. Hapo ndipo ilipo sumu. Kauli inayoonekana kuwa ni ya kuwasifu wageni, kumbe ni ya kutulaza usingizi sisi wenyewe.

Mimi si msomi wa chuo. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyokosa jalada, na London niliijua kwa vitabu miaka mingi kabla ya kuiona kwa macho. Nilipoiona, mwezi wa Septemba mwaka 2019, sikuiona kupitia dirisha la hoteli. Niliiona kutoka juu ya mashua nyembamba ya chuma, iliyofungwa ukingoni mwa mfereji wa Regent's Canal, ubavuni mwa bustani iitwayo Victoria Park, upande wa mashariki wa mji. Hiyo ndiyo bustani inayobeba jina la Malkia, na ambayo mwenzetu, nadhani, alikuwa nayo akilini. Nililala humo siku kumi na nne, na hoja zangu zote zilizomo humu zilianzia pale.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja wa kwetu, baharia wa zamani aliyezunguka dunia katika meli za watu kabla ya kutia nanga Uingereza. Kwa udugu wa mbali namwita Ami. Alipostaafu aliona kwamba kodi ya chumba London itammaliza kabla ya maradhi, akanunua mashua kuukuu, akaipaka rangi, akaweka ndani yake jiko la makaa, kitanda na mswala. Siku niliyofika alinipokea karibu na Limehouse, mahali ambapo mfereji huingia katika mto Thames, na kutoka hapo tulipanda kuelekea bustanini kupitia milango mitano ya maji.

Kwa msomaji wa pwani ni lazima nieleze, maana sisi tunaoijua bahari hatuijui mifereji. Maji ya mfereji hayapandi mlima yenyewe. Hujengwa kisima kirefu cha mawe chenye milango miwili mizito, mmoja mbele na mmoja nyuma. Chombo kikiingia, mlango wa nyuma hufungwa, vizibo vya mlango wa mbele hufunguliwa kwa mpini wa chuma, maji ya juu humiminika ndani, na chombo huinuka taratibu mpaka kiwe sawa na maji ya upande wa pili. Ndipo mlango wa mbele husukumwa kwa mgongo. Ami alisukuma kwa mgongo wa miaka sabini na mitatu, nami kwa wa hamsini na kitu, na aliyechoka mwanzo nilikuwa mimi.

Ama mashua yenyewe, upana wake ni kama mita mbili na sentimita kumi tu, na urefu wa zile ndefu hufika mita ishirini na mbili. Mtu huweza kugusa kuta zote mbili akinyoosha mikono. Wembamba huo haukuletwa na upungufu wa ufundi. Mifereji ya katikati ya Uingereza, iliyoanza kuchimbwa katika karne ya kumi na nane, ilijengewa milango myembamba ili kupunguza gharama na maji, na vyombo vikafuata kipimo cha milango. Vilibeba makaa ya mawe, vyungu, nafaka na mbao, vikikokotwa na farasi anayetembea ukingoni. Reli ilipowanyang'anya mizigo na ujira, wengi wa mabaharia wa mifereji walihamisha wake na watoto, wakaishi katika kijumba kidogo cha tezi. Hali zao zilikuwa mbaya kiasi cha Bunge kutunga sheria juu ya makazi ya vyomboni mwaka 1877. Hadi leo, chini ya baadhi ya madaraja, utaona vyuma vya pembeni vimechimbika mifuo kwa kamba za miaka mingi. Nilitia kidole changu katika mfuo mmoja kikazama.

Usiku wa kwanza nilijipatia aibu yangu. Ami alinipa kamba ya omo nifunge, yeye akafunga ya tezi. Nilipigilia kigingi cha chuma katika ardhi, nikafunga kama nilivyofundishwa na baba yangu tangu utotoni, nikiacha kamba ya ziada ya kutosha ili maji yakipwa chombo kisininginie. Saa nane za usiku tuliamka tumekaa mshazari katikati ya mfereji, omo imeelekea ukingo wa pili, na mwenye chombo kilichokuwa karibu ametoka na tochi akitutazama kwa huruma. Ami hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, hapa maji hayapwi wala hayajai. Hapa hakuna wa kukurudisha ukingoni. Ukitaka kubaki, funga mwenyewe, ukaze." Nilimcheka pamoja naye. Sikujua kwamba maneno yale nitayahitaji baadaye.

Asubuhi nilitoka kutembea. Kutoka ubaoni hadi ndani ya bustani ni hatua chache: unavuka njia ya ukingoni walimopita farasi, unaingia langoni, na mbele yako pametandazwa majani, miti mikubwa na maziwa madogo, eneo la hekta 86. Hakuna kiingilio. Nilitembea humo kila siku, na kila siku nilisoma vibao na vitabu nilivyoazima maktabani, nikiuliza swali moja tu: nani aliyetoa?

Jibu, ewe mwenzetu wa kikao kile, ni hili. Mwaka 1839 William Farr, mtaalamu wa hesabu za vizazi na vifo katika ofisi ya Msajili Mkuu, alipohesabu maiti za mashariki ya London, alionyesha kwamba bustani katika upande ule ingeliwapunguzia watu vifo. Ulikuwa upande wa wafumaji wa hariri, wapakuzi wa mizigo ya bandarini, wafyatuaji matofali, watu waliolala wengi katika chumba kimoja. Bustani za London zilikuwa magharibi, waliko matajiri na wafalme. Mwaka 1840 likaandikwa ombi kwa Malkia Victoria likidai bustani, na likatiwa sahihi na watu elfu thelathini. Mwaka 1841 Bunge likapitisha sheria ya kununua ardhi. Mwaka 1845 watu wakaingia.

Elfu thelathini. Nakuomba, msomaji, uifikirie namba hiyo kwa mkono na si kwa jicho. Hapakuwa na simu wala taipureta. Kila jina liliandikwa na mtu, au mtu asiyejua kuandika aliweka alama. Kila karatasi ilibebwa kutoka mlango hadi mlango. Kuna waliokataa kwa hofu ya mwenye nyumba. Kuna waliosema, "Haitasaidia kitu." Na kuna waliotia sahihi. Hao hawakupewa bustani. Waliidai.

Najua nitakavyojibiwa. Mwenzetu atasema: fedha za kununulia ardhi zilitoka wapi? Zilitokana na mauzo ya jumba la kifalme. Ni kweli, nami siifichi. Jumba lililojulikana kwa jina la York House liliuzwa kwa pauni 72,000 kwa mtemi mmoja, na fedha zake ndizo zilizonunua mashamba na machimbo ya matofali yaliyogeuzwa bustani. Lakini jumba lile lilikuwapo kabla ya ombi, na mashamba yalikuwapo, na Malkia alikuwapo. Kitu kilichokuwa hakipo, na ambacho kilipokuja bustani ikaja nyuma yake, ni zile sahihi. Na Malkia mwenyewe alikuja kuizuru bustani yenye jina lake mwaka 1873, miaka ishirini na minane baada ya watu kuanza kuikanyaga. Mtoaji gani huyu asiyekuja kuitazama zawadi yake?

Isitoshe, kudai hakukuisha siku ile lango lilipofunguliwa. Mchoro wa James Pennethorne, msanifu wa bustani, uliacha sehemu za pembezoni zijengwe majumba ya kuuzwa kwa wenye uwezo. Watu walipiga kelele kwa miaka, hadi mwaka 1872 ardhi iliyokuwa imetengewa majumba ikaunganishwa na bustani. Lau wangaliamini kwamba wamepewa, wangalishukuru kwa kilichobaki na kunyamaza.

Wala majani yale hayakuwa ya kulalia tu. Mwezi wa Juni 1848 Wachartisti, wale waliodai kura kwa kila mwanamume, walikusudia kukutana pale, na serikali ikajaza polisi wa miguu na wa farasi. Kilichowatawanya hasa ni mvua kubwa ya radi. Baadaye bustani ikawa baraza kubwa la maneno: William Morris, mshairi na mfasiri, na Annie Besant walisimama pale kuhutubia umati. Mwezi wa Mei 1914 wanawake waliodai kura waliandamana kuielekea, Sylvia Pankhurst akiwa katikati ya wenzake waliojifunga naye kwa minyororo ili asikamatwe, na polisi wakamkamata vivyo hivyo. Makao ya harakati zake yalikuwa Old Ford Road, mtaa unaopita kando ya bustani. Tarehe 30 Aprili 1978 vijana weusi na weupe walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka pale, wakapiga muziki kuupinga ubaguzi wa rangi.

Kipo kitu kimoja humo bustanini ambacho kweli kilitolewa, nacho sitakinyima haki yake. Ni bilauri kubwa ya mawe yenye nguzo na kuba, chemchemi ya maji ya kunywa iliyojengwa mwaka 1862 kwa fedha za Angela Burdett-Coutts, mwanamke tajiri mwenye moyo wa ihsani. Nilisimama mbele yake nikaisifu. Lakini miaka minne tu baadaye, mwaka 1866, kipindupindu kiliua maelfu ya watu mashariki ya London. William Farr yule yule alipofuatilia vifo vile, hesabu zake zilielekea katika maji ya kampuni moja iliyowauzia watu wa upande ule, na ikabainika kwamba yalikuwa yametoka katika mabwawa yasiyofunikwa ya Old Ford. Old Ford ni pale pale, mwendo mfupi kutoka bustanini. Ihsani ilijenga chemchemi, na ilikuwa njema. Lakini ihsani haikulifunika bwawa. Kilichohitajika ni watu wa kuuliza: maji haya yanatoka wapi, na nani atajibu?

Kuna wenzetu wengine ambao hoja yao si "walipewa". Wao husema, "Hayo ni ya kwao, hayatuhusu." Hawa nao nina neno nao, maana ukikaa ukingoni wiki mbili na kutembea kwa miguu, utaona yanavyotuhusu.

Mwendo wa dakika chache kwa kuufuata mfereji mdogo wa Hertford Union, unaopita upande wa kusini wa bustani, unafika Hackney Wick. Mahali hapo, mwaka 1866, Alexander Parkes alifungua kiwanda cha kutengeneza kitu kipya alichokiita Parkesine, ambacho ni mzazi wa plastiki zote. Kiwanda hakikudumu zaidi ya miaka miwili, lakini waliokifuata waliendeleza kazi karibu na hapo hapo, wakitengeneza vitana, mipini ya visu na vifungo. Na kitu kile kipya kilitamaniwa kwa sababu kiliweza kuigiza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Pembe zilitoka wapi, msomaji wa kisiwani? Katika karne ile Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika ya Mashariki. Zilishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi na watumwa, zikapita katika forodha zetu, zikaenda Bombay, London na Marekani. Na magamba ya ng'amba yalitoka katika bahari hii hii. Leo plastiki imerudi kwetu kwa mawimbi, imejaa katika mikoko. Anayesema hayatuhusu, ashuke ufukweni maji yakipwa.

Na Ami, ambaye hakusoma vitabu nilivyosoma, alinionyesha barabara ya West India Dock, karibu na Limehouse, ambako mwaka 1857 palifunguliwa nyumba ya kuwapokea mabaharia wa Asia, Afrika na visiwa vya bahari ya kusini waliotupwa London bila ya ujira wala chombo cha kuwarudisha makwao. Jengo lenyewe halipo tena. Alisimama mahali lilipokuwa akasema, "Mimi nimekuja mwisho wa foleni tu." Na Sylvia Pankhurst niliyemtaja, aliyekamatwa akielekea bustani ile, alikuja kuitetea Ethiopia ilipovamiwa na Italia, akahamia huko, akafia Addis Ababa mwaka 1960 na kuzikwa huko. Hayatuhusu vipi?

Sasa nije katika vyombo vyenyewe, maana na vyenyewe vimo katika kesi hii. Siku ya tano mtu mmoja aliyevaa vizuri, akitembea na mbwa wake, alisimama mbele ya mashua yetu akatwambia kwa upole, kwa ule upole wao mkali, kwamba vyombo hivi vinaharibu mandhari ya bustani. Ami alimjibu, "Good morning, sir," akaendelea kukoroga chai. Mimi nilikwenda kufungua kitabu. Hertford Union ulifunguliwa mwaka 1830. Regent's Canal ulikamilika mwaka 1820. Bustani ilifunguliwa mwaka 1845. Maana yake, vyombo vilikuwa vikipita na kufungwa mahali pale robo karne kabla ya kupandwa mti wa kwanza wa ile mandhari. Asiyejua nani alitangulia, huwaita wenyeji wavamizi.

Sisemi kwamba waishio majini hawana kosa. Moshi wa majiko ya makaa siku ya baridi, pasipo upepo, huingia katika madirisha ya watu. Mashine za umeme hunguruma. Wapo wenye fedha walionunua mashua kwa anasa, wakajiita maskini. Na mifereji ya miaka mia mbili haijitunzi: taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, iliyokabidhiwa njia za maji za Uingereza na Wales mwaka 2012, ina kuta zinazobomoka na ruzuku ya serikali ambayo imetangazwa kwamba itapungua kuanzia mwaka 2027. Yote haya ni kweli.

Lakini tazama mzigo unaangukia wapi. Sheria ya mwaka 1995 inamruhusu mwenye chombo asiye na gati lake la kudumu kuishi majini, mradi asikae mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku kumi na nne, ila kwa sababu ya maana. Ami ni katika hao. Kila baada ya wiki mbili hufungua kamba, husogea, hupigilia vigingi upya, kiangazi na kipupwe, akiwa na miadi ya hospitali upande mmoja na duka la dawa upande mwingine. Kuanzia Aprili 2024 watu wa namna yake walianza kutozwa ada ya leseni iliyo juu kuliko ya wenzao wenye magati. Waliopinga waliandika maombi, wakaandamana, wakatia sahihi. Aliponieleza hayo kwa simu nilimwuliza kama ametia yake. Alishangaa kwa swali langu. "Nimetia mwanzo mwanzo," alisema, "maana mkono wangu siku hizi hutetemeka, nikachelea nikingoja hautaandika."

Hapo ndipo niliposhindwa kusema, na hapo ndipo ilipo sababu hasa ya makala hii, ambayo mpaka sasa nimeizungukazunguka kama mwoga.

Miaka kadhaa kabla ya safari yangu, kulikuwa na ufukwe mmoja hapa kwetu, sitautaja jina, ambako watoto wa mitaa mitatu walijifunza kuogelea, nami ni mmoja wao. Wavuvi walipandisha ngalawa zao hapo. Wazee walikaa hapo alasiri wakisuka nyavu na maneno. Zikaja habari kwamba patajengwa ukuta. Vijana wanne wakaandika barua ya kupinga, wakazunguka nayo, na usiku mmoja wakaja kwangu. Walisema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kalamu, tusaidie." Niliisoma. Ilikuwa na makosa. Ngeli zilipishana, vituo havikuwa mahali pake, na neno moja zito lilitumika visivyo. Nilikaa nayo hadi usiku wa manane nikaisafisha, ikawa barua nzuri kweli kweli. Asubuhi nikawarudishia. Mmoja wao aliigeuza nyuma, akatazama mahali pa majina, akatazama uso wangu, akasema, "Ahsante, mwalimu," wakaondoka.

Niliisahihisha, sikutia sahihi. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo mawili jirani namna hiyo, na mimi, mfasiri, sikuyasikia. Niliogopa, basi. Nilikuwa na kitabu kilichokuwa kikingoja idhini katika ofisi fulani. Kitabu kilitoka, na ukuta ukajengwa. Siku hizi nikipita hapo naambiwa na mlinzi kijana, kwa adabu, kwamba njia haipo.

Kwa hiyo niliposikia kikaoni, "Sisi nani atatupa?", sikumsikia mwenzetu peke yake. Nilijisikia mwenyewe nikisingizia. Maana ukisema wao walipewa, umejisamehe. Hukuhitajika kufanya kitu, ila kuzaliwa chini ya Malkia mkarimu, na bahati hiyo hukuwa nayo. Ni udhuru mtamu, na sisi washairi tunajua kuufunga kwa vina ukawa mtamu zaidi. Tumeandika mashairi mangapi ya kuililia pwani? Tumetia sahihi zetu katika barua ngapi?

Ndani ya Victoria Park yapo mabanda mawili ya mawe, kama vihori vilivyochimbwa ukutani, ambayo zamani yalikuwa juu ya daraja la kale la London. Daraja lile lilibomolewa mwaka 1831, na mwaka 1860 mabanda hayo yakaletwa bustanini ili watu wakae. Siku moja mvua ilinikuta, nikajibanza katika moja pamoja na mama mmoja wa Kibengali na wajukuu zake. Mawe yaliyokuwa ya watu wavukao mto sasa yalikuwa yakitukinga mvua mimi na yeye, na wala hapana aliyetuuliza tumeingia kwa idhini ya nani. Nilifikiri juu ya yule mtu, mwanamume au mwanamke, aliyetia alama katika karatasi mwaka 1840 asijue mimi nitakuja. Hakunijua, wala hakunipa. Alidai chake, nami nikapata pa kukaa.

Siku ya kumi na nne tulifungua kamba. Safari hiyo Ami alinipa tena kamba ya omo mahali tulipohamia, akasimama akinitazama. Sikuacha kamba ya ziada. Nilikaza.

Kwa mwenzetu wa kikao kile natuma salamu, pamoja na ombi moja: awatafute wale vijana wanne, ambao sasa ni watu wazima, na mimi nitafuatana naye. Bado zipo fukwe ambazo hazijajengewa ukuta. Na kwa kuwa mshairi hawezi kuondoka bila ya kuaga kwa lugha yake, naacha ubeti mmoja nilioutunga juu ya paa la mashua:

Ukingo hawakupewa, walikwenda kuudai,
Na majina wakatowa, ikawa ni moja rai,
Lisilotumika huwa, kama kitu kisohai,
Mwenye kungoja kupewa, hapewi wala hadai.